Korongo Aliyeomba Mahali pa Mguu Mmoja

Paukwa!

—Pakawa!

Nani huyo kaitikia kama anaumwa jino? Nimeibeba ngano hii kichwani mchana kutwa. Ni nzito, siwezi kuitua mbele ya watu wanaosinzia. Paukwa!

—Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Pakawa bonde, bonde likawa na chemchemi, na chemchemi ikawa na wenyewe.

—Wenyewe kina nani?

Tulieni basi, niwaambie.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na bonde liitwalo Mirumbi. Wanyama wa Mirumbi walikunywa maji mahali pamoja, na mahali penyewe ni chemchemi iliyo chini ya mwamba. Hapakuwa na mto, hapakuwa na ziwa. Chemchemi ile ikikauka, wamekwisha.

Sasa chemchemi hiyo ilikuwa na tabia yake. Kila mwaka masika yalileta tope, na tope likaziba jicho la maji. Na jicho lenyewe lilikuwa ndani kabisa, chini ya mwamba. Kulifikia ni mpaka upige magoti.

Basi kila mwaka masika yakiisha, ilipigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya wote. Bi Ngiri ndiye aliyetangulia, kwa sababu ngiri akila hupiga magoti, akichimba hupiga magoti, ndivyo alivyozaliwa. Yeye alichimba kwa pua na pembe. Nyuma yake Kobe alibebeshwa tope mgongoni. Punda Milia akalipiga mateke likaruka mbali. Mzee Nyati, mkuu wao, akasukuma mawe. Na wote waliimba:

*Piga goti, toa tope!*
—*Maji yaja!*
*Jicho la maji, fumbua!*
—*Maji yaja!*

Siku moja ikapita kwa tope. Siku ya pili unyevu. Siku ya tatu maji, puuu! Watoto wakaoga, wazee wakanywa, na mwaka ukaendelea.

Siku moja asubuhi, mgeni akabisha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

Alikuwa Korongo, ndege mweupe, mdomo mwekundu, na miguu mirefu kama mitaimbo ya kuchimbia mashimo. Shingoni kaning'iniza kengele ndogo ya shaba. Alisema ametoka mbali, upande wa baridi, na kwao hakuna tena pa kukaa.

"Mimi sitaki makubwa," akasema Korongo. "Nipeni mahali pa mguu mmoja tu."

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mguu mmoja! Mzee Nyati akamwonyesha kichuguu cha mchwa kilicho katikati ya bonde. "Weka mguu wako hapo, Bwana. Tena karibu sana."

Korongo akapanda juu ya kichuguu, akasimama kwa mguu mmoja. Mwingine akaukunja tumboni. Akakaa hivyo siku nzima na wala hakusumbua mtu.

Siku ya pili akaita. "Wenyeji wangu, mguu huu mmoja unaona upweke. Nipeni na mahali pa wa pili."

"Haya, weka," wakasema. Nani amnyime mtu mguu wake mwenyewe?

Siku ya tatu akaita tena. "Wenyeji wangu wema, miguu yangu imepata pa kukaa, lakini kivuli changu je? Maskini kivuli. Hakili, hakinywi, hakisemi. Nacho kipeni pa kulala."

"Kivuli!" akasema Mzee Nyati. "Kilaze popote kinapofika."

Mmesikia alivyosema? Popote kinapofika. Na mimi nimewahi kusema maneno kama hayo mbele ya wajukuu na mtungi wa asali, nikajuta.

Jioni jua likashuka. Kivuli cha Korongo kikaanza kurefuka. Kikashuka kichuguu. Kikavuka uwanja wa kuchezea. Kikapita njia. Kikafika kwenye chemchemi, kikapita juu ya mwamba, kikaenda kulala kwenye kilima. Korongo akateremka, akapigilia kigingi pale kilipoishia. Asubuhi jua likatoka upande wa pili, kivuli kikalala upande wa pili, juu ya malisho yote. Akapigilia kigingi na huko.

"Bwana Korongo, vigingi vya nini?" akauliza Kobe.

"Vya kwangu. Mlinipa wenyewe."

"Lakini kivuli chako jana kilikuwa huku, leo kiko kule!"

Kobe akarudi kesho yake na neno hilo hilo, jana huku, leo kule. Akarudi tena siku ya tatu. Korongo akachoka naye. Akagonga kengele yake, ngli-ngli-ngli, akatangaza: "Kuanzia leo, hapa hakuna habari za jana! Kila shauri litasikilizwa kengele ya saa sita mchana, na kila kipimo kitapimwa hapo hapo, kama kinavyoonekana saa hiyo."

Alichagua saa sita kwa sababu ndiyo saa aliyorudi kutoka kula vyura, tumbo limeshiba. Vyura hawakuulizwa.

Basi, baada ya ardhi ikaja shule.

Korongo aliwatazama wanyama wa Mirumbi, akatikisa kichwa. "Mnasikitisha," akasema. "Mnasimama kwa miguu minne kama meza. Mnapiga magoti kwenye tope. Mnapiga kelele mnaita kuimba. Kwetu, watu wastaarabu husimama kwa mguu mmoja. Hawapigi magoti. Na wakifurahi, hugonga mdomo: kla-kla-kla."

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyejua kwamba ni meza, na sasa wote waliona aibu.

Somo la kwanza likaanza. Mguu mmoja juu! Mzee Nyati akainua mguu, akaanguka, ardhi ikatetemeka. Punda Milia akainua mguu, akamwangukia Mzee Nyati. Kobe akainua mguu, akabiringika mpaka kwenye malisho, wakaenda kumfuata. Nyoka akaambiwa asimame kwa mguu mmoja, akasema, "Bwana, mimi hata huo wa kwanza sina." Akaandikwa mtoro.

Siku hiyo Kuku peke yake ndiye aliyeweza. Akajiona yeye ni mtu wa upande wa baridi.

Somo la pili, majina. Kilima walichokiita Kilima cha Shangazi sasa kiliitwa Kla-kla. Mwamba ukaitwa Kla-kla Ndogo. Na njia ya kwenda chemchemini ikaitwa Kla Mpya, ijapokuwa hapakuwa na Kla Kuukuu popote.

Somo la tatu, sheria. Hizo zilikuwa kumi na mbili, na wanafunzi walizikariri wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa. Wengi walilala. Aliyezijua zote bila kukosea hata neno alikuwa mmoja tu, naye ni Siwema, binti mkubwa wa Bi Ngiri.

Siwema alikuwa na akili kama wembe. Alisimama kwa mguu mmoja toka kengele ya kwanza hata ya mwisho. Korongo akamvisha utepe mwekundu shingoni, akamfanya mnyapara. Nyumbani akawa hali tena na mama yake.

"Siwema mwanangu, njoo ule."

"Mama, unakula umepiga magoti. Watu wanatuona."

"Mwanangu, ngiri wote tunakula hivi."

"Ndiyo maana tuko nyuma, mama."

Bi Ngiri aliinama akaendelea kutafuna, ila chakula kile hakikuwa na ladha tena. Iliuma, wanangu. Kukataliwa na mgeni hakuumi kama kuonewa aibu na mtoto uliyemzaa.

Masika yakaja, yakaisha. Tope likaziba jicho la maji kama kila mwaka. Mbiu ya msaragambo haikupigwa. Kupiga magoti ni marufuku, kuimba ni marufuku, na chemchemi yenyewe iko ndani ya vigingi vya Korongo. Yeye hakujali, vyura wana maji ndani yao.

Maji yakapungua mpaka kwenye goti. Yakapungua mpaka kwenye kwato. Mwisho yakabaki ya kulamba.

Mzee Nyati akasema, "Mimi nitamtoa kwa nguvu!" Akaja mbio, pembe mbele, akakigonga kichuguu, buu! Korongo akaruka tu, akapaa, akatua pale pale. Mzee Nyati akazunguka wiki nzima na mchwa puani, anapiga chafya.

Kobe akasema, "Mimi nitamwomba kwa maneno." Akaenda akaomba. Korongo akamwambia, njoo kesho. Akaenda kesho, akaambiwa, njoo kesho. Kwa mwendo wa Kobe, akifika nyumbani ni saa ya kuanza safari ya kurudi. Akakonda.

Bi Ngiri hakusema kitu. Mchana mmoja, wakati wote wako shuleni, akaenda peke yake chemchemini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akapiga goti la kwanza, akapiga goti la pili, akaingiza pua kwenye tope na kuanza kuchimba. Akaimba polepole, kwa pumzi tu:

*Piga goti, toa tope!*

Hakuna aliyeitikia.

Kuku akamwona, akakimbia kushitaki. Korongo akagonga kengele. "Mnyapara Siwema! Kamlete huyo anayechimba ndani ya kivuli changu!"

Siwema akaenda, utepe shingoni, shingo imenyooka. Akafika. Akamkuta mama yake magotini, tope mpaka masikioni. Na wadogo zake watatu, wale wachanga, walikuwa wamemzunguka mama wanamlamba pua. Walikuwa wanalamba unyevu uliokuwa kwenye lile tope.

Bi Ngiri akageuka. "Umekuja kunifunga, mwanangu? Nifunge. Ila ngoja kwanza hawa wamalize kulamba."

Siwema akasimama. Kwa miguu minne, wala hakujua kuwa ameiteremsha yote. Alitaka kusema, "Mama, nisamehe," lakini maneno yaliyotoka ni mengine kabisa, yale aliyoyakariri.

"Sheria ya tisa," akasema. "Kila shauri litasikilizwa kengele ya saa sita mchana, na kila kipimo kitapimwa hapo hapo, kama kinavyoonekana saa hiyo."

"Sasa unanisomea sheria, Siwema?"

"Mama! Saa sita mchana kivuli kinakuwa wapi?"

Bi Ngiri akatazama juu, akatazama chini. Tope lilianza kupasuka mashavuni mwake. Alikuwa anacheka.

"Nifunge haraka," akasema. "Tena kaza vizuri. Nataka shauri hili nisilikose."

Kesho yake wanyama wote wakakusanyika chini ya kichuguu. Jua lilikuwa kichwani. Korongo akarudi kutoka kula vyura, akajifuta mdomo, akapanda juu, akakunja mguu mmoja. Kengele ikalia, ngli-ngli-ngli. Saa sita.

"Bi Ngiri," akasema Korongo, "umechimba chemchemi iliyo ndani ya kivuli changu, tena kwa magoti. Una la kusema?"

"Ninalo, Bwana, tena dogo," akasema Bi Ngiri. "Mimi ni mshamba, sijasoma. Naomba nionyeshwe hicho kivuli nilichochimba."

"Si kile pale..." Korongo akanyoosha bawa kuelekea chemchemini. Pale palikuwa na jua tupu. Akatazama upande wa malisho, jua tupu. Akatazama huku na huku. Mwisho akatazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimejikunyata juu ya kichuguu, kimeuzunguka ule mguu mmoja.

Bonde zima likakitazama.

"Vigingi!" akasema Korongo. "Tazameni vigingi! Mpaka ni ule!"

"Mnyapara Siwema," akasema Mzee Nyati, sauti nzito. "Sheria inasemaje?"

Siwema akasogea mbele. Akaitamka sheria ya tisa yote, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Hakuna habari za jana. Kila kipimo hapo hapo. Kama kinavyoonekana saa hiyo. Kisha akauliza kwa adabu, "Bwana Mwalimu, nimekosea mahali?"

Siwema hakuwa amekosea, na wote walilijua hilo, kwa sababu Korongo mwenyewe ndiye aliyempa utepe.

Akateremsha mguu wa pili. Kivuli kikaongezeka kidogo tu. Akatandaza bawa la kulia. Kikaongezeka. Akatandaza bawa la kushoto, akanyoosha shingo, akatanua mkia, akasimama kwa ncha za vidole anatetemeka jasho linamtoka, na kivuli kikafika ukubwa wa mkeka.

Punda Milia ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Kobe. Halafu bonde zima, mpaka wale watatu wachanga wasiojua kinachochekwa. Kuku naye alicheka, akiwa bado kwa mguu mmoja.

"Mkeka huo ni wako, Bwana Korongo," akasema Mzee Nyati. "Tulikupa kwa moyo, na hatuchukui tulichotoa. Keti, ule, ulale. Tuliposema karibu tulimaanisha. Lakini bonde lina wenyewe."

Korongo aliketi. Angefanya nini? Hapo ndipo Bi Ngiri alipomsogelea na kumtazama miguu kwa karibu. Akamwambia, "Mwanangu, hebu piga goti nione." Korongo akajaribu, na goti likakunjika kwa nyuma. Alijaribu tena, likakunjika kwa nyuma. Hakuweza.

"Hebu imba basi."

"Kla," akasema Korongo. "Kla-kla." Hakuwa na sauti. Ndege wa aina yake hawana.

Ndipo wanyama wakaelewa. Ule ustaarabu wote waliofundishwa ulikuwa umbo la miguu yake tu, na koo lake. Hakupiga magoti kwa sababu hawezi. Hakuimba kwa sababu hawezi. Wala si dhambi kutoweza. Lakini walikaribia kufa kwa kiu wakimwiga.

Mbiu ya msaragambo ikapigwa siku ile ile. Na hapo pakawa na kazi nyingine, kwa maana vijana walikuwa wamesahau. Wengine hawakuwahi kujua. Siwema alipiga goti la kwanza, akaguna. Goti la pili, machozi yakamtoka, ngozi imelainika kwa kutotumika.

"Inauma, mama."

"Itauma mpaka sugu iote. Sogea hapa karibu yangu. Pua chini. Na uimbe."

Siwema akaimba, sauti imekauka:

*Piga goti, toa tope!*

Na bonde zima likaitikia:

—*Maji yaja!*

Siku moja ikapita kwa tope. Siku ya pili unyevu. Siku ya tatu maji, puuu! Wale wachanga watatu wakatumbukia wakiwa wamekumbatiana, na Bi Ngiri akakaa kwenye maji akalia kwa furaha, hakuficha. Siwema akauvua utepe mwekundu, akamfutia mama yake tope masikioni.

Sasa mtaniuliza, yale mengine yalikwisha?

—Yalikwisha?

Yaishe wapi! Kengele hawakuitupa. Waliitundika kwenye mwamba, na hata leo ndiyo inayoita msaragambo, kwa sababu inasikika mbali kuliko sauti ya Kobe, mpiga mbiu wao. Kile kilima kinaitwa Kla-kla mpaka kesho. Wazee wawili watatu wanakiita Kilima cha Shangazi, na wajukuu huuliza, shangazi gani? Vigingi viling'olewa, lakini mashimo yake yapo, na Punda Milia na Mzee Nyati wanagombana kila mwaka nani apite upande gani wa shimo. Walikunywa pamoja tangu dunia iumbwe, leo wanabishania shimo.

Na Kuku, mmemwona nyumbani kwenu? Akipumzika hukunja mguu mmoja. Mwulizeni ni kwa nini, atajifanya hasikii.

Na ngiri, mkimkuta porini, mtazameni magotini. Ana sugu. Msimcheke, hizo ndizo zilizofungua maji.

Korongo naye huja kila mwaka kutoka upande wa baridi. Hubisha hodi, huambiwa karibu, hukaa kwenye mkeka wake. Akiona msaragambo hushuka, hubeba majani kwa mdomo, na wengine wakiimba yeye hugonga kla-kla-kla, na ukisikiliza vizuri, mlio ule unaupendezesha wimbo.

Funzo lake ni hili, na wewe uliye nyuma acha kuchokoa pua usikie. Mgeni akija na jambo, lisikilize, ujifunze, tena ujifunze mpaka sheria ya mwisho, kwani Siwema asingekariri, tungekuwa tunasimulia habari ya mifupa. Lakini jambo lako linalokuletea maji usilione aibu kwa sababu mwingine hana magoti ya kulifanyia.

Ngano yangu imefika chemchemini, imekunywa, imelala. Aliyeipenda na achote aende nayo kwao. Ambaye hakuipenda aniachie mtungi wangu, nami nitaujaza kwa mwingine.